Mita ya Ampea Katika Pikapu ya Mzee

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya pasi za umeme, lakini jambo lililotukia kwa jirani yangu hapa Morogoro limenilazimisha niziweke kando. Jirani huyo ni mzee mstaafu mwenye pikapu ya Land Rover ya mwaka 1962. Kwa gari hilo yeye na mkewe huteremsha kabichi na karoti kutoka milima ya Mgeta mpaka sokoni mjini, na kwa kabichi hizo mjukuu wao hulipiwa karo.

Usiku mmoja, wakiwa njiani kurudi, moshi ulianza kufuka nyuma ya dashibodi. Mzee alisimamisha gari, akafungua boneti, akanyofoa kichwa cha betri kwa mikono mitupu. Mama Rehema, mkewe, alikwisha kuteremka na kuchota mchanga kwa ungo. Mchanga haukuhitajika, alhamdulillahi, lakini mzee aliungua vidole viwili, na kabichi zikalala njiani mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo alinijia. Tulipovuta dashibodi tulimkuta mwenye hatia: mita ya ampea, ile saa ndogo ambayo sindano yake hukaa katikati ya sifuri, ikaenda kulia betri inapojazwa na kushoto inapotumika. Skrubu zake za nyuma zilikuwa nyeusi kama mkaa, na mpira wa waya umeyeyuka kiasi cha shibiri moja.

Yafaa nieleze mita hii hufanya kazi gani, maana wengi huichukulia kuwa sawa na geji ya mafuta au ya joto. Sivyo. Mita ya ampea ya namna ya zamani husimama njiani kama mlinzi wa lango: umeme wote unaotoka katika betri kwenda kwenye taa, honi na kuwashia injini, na ule unaorudi kutoka kwenye dinamo kuijaza betri, hupita ndani yake. Stata peke yake haipitii hapo, kwa kuwa hunywa mamia ya ampea kwa mara moja. Hiyo ina waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Kwa hiyo mita hufungwa kwa mfuatano. Upande mmoja hupokea waya wa betri, na upande wa pili hukutana waya wa taa na vyombo vyote pamoja na ule wa dinamo. Ole wake atakayefunga upande mmoja kwenye betri na mwingine kwenye bodi ya gari, kama afungavyo balbu! Ndani ya mita hakuna kizuizi cha maana, na umeme wote wa betri utaivamia kwa pigo moja.

Gari la mzee halikufungwa vibaya kiasi hicho. Kosa lake lilikuwa la siri zaidi. Land Rover za miaka ile zilitoka kiwandani na dinamo, na dinamo ya namna hiyo hutoa kama ampea 22 basi. Mita yenye kipimo cha ampea 30 kila upande iliitosha kabisa. Miaka michache iliyopita kijana mmoja fundi alimwondolea dinamo akamwekea alteneta ya ampea 60. Alifanya vema, kwani taa ziling'aa na betri ikapata nguvu. Alikumbuka hata kugeuza nguzo za betri, maana gari hilo, kama ndugu zake wengi wa kabla ya 1967, lilikuwa limeunganisha chanya na bodi. Lakini mita aliiacha ile ile, na waya ule ule, na kiungo kimoja akakisokota kwa vidole na kukifunika kwa utepe.

Siku za kawaida hapakuwa na tatizo. Siku hiyo betri ilikuwa imeisha, wakaliwasha gari kwa kusukuma. Betri tupu ina njaa. Alteneta ikaipa chote ilichoweza kutoa, na chote kikapita katika mlango wa ampea 30. Joto la waya halikui sawasawa na umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kiungo kilichosokotwa ndicho kilichotangulia kulia.

Ushauri wangu ulikuwa mfupi. Nilimwambia aachane na ampea, waya wa alteneta uende moja kwa moja kwenye betri, na pale dashibodi tuweke mita ya volti. Hiyo hubeba umeme mdogo mno. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma huonyesha 14 au zaidi kidogo. Ni salama, na bei yake ni nafuu.

Mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "volti huniambia betri ina hali gani. Mimi nataka kujua inapokea au inatoa."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ana haki. Basi tulichagua njia ya tatu, mita yenye shanti. Shanti ni kipande cha madini chenye kizuizi kidogo kilichopimwa. Hukaa chini ya boneti, na ndicho kinachobeba umeme wote badala ya saa ya ndani. Kutoka ncha zake mbili waya mbili nyembamba huingia kwenye dashibodi, na mita husoma tofauti ndogo sana ya volti kati ya ncha hizo. Tulitumia shanti ya ampea 60 na waya wa milimita 10 za mraba, vichwa vyake vikabanwa kwa koleo maalumu, si kwa meno. Kila waya mwembamba ulipata fyuzi ndogo karibu kabisa na shanti, na waya mkuu unaoingia ndani tukaupa fyuzi ya ampea 30. Tulipotoboa bati tuliweka mpira tunduni, kwani ukingo wa bati hukata waya polepole kama panya.

Kisha majaribio. Injini ikiwa imezimwa, mzee aliwasha taa kubwa. Balbu mbili za wati 60 kwa volti 12 ni ampea 10, na sindano ikaenda kushoto ikasimama karibu na hapo. Ingalikwenda kulia tungalibadilishana waya zile mbili nyembamba. Injini ilipowaka, sindano iliruka kulia, ikakaa, halafu ikaanza kurudi taratibu mpaka karibu na sifuri.

"Mbona imelala?" akauliza Mama Rehema kwa wasiwasi.

"Imeshiba, Mama," mzee akamjibu. "Alteneta yalisha taa yenyewe, na betri haidai kitu."

Mama Rehema aliitazama sindano kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mchanga na ungo vinaweza sasa kubaki nyumbani. Nilimwambia ungo aupeleke sokoni, lakini mchanga aujaze katika kopo na kuliweka chini ya kiti. Alfajiri ya Jumatano niliwasikia wakipita dirishani kwangu kuelekea Mgeta.