Povu la mkopo na munkoyo wa kwetu

Siku hizi katika Likasi, toka Kikula mpaka Panda, na hata huku kandokando ya ziwa Tshangalele, arusi haihesabiwi kuwa arusi kama hakuna "vin d'honneur". Wageni wanatoka kanisani, wanapangwa, na bilauri zinapitishwa: divai ya povu iliyochanganywa na juisi ya matunda ya kopo. Bantu banasema: "Arusi bila chupa ya kulia pa, ile njo kilio." Sisi tunakataa neno hilo, na tunataka kueleza kwa nini.

Hatusemi kwamba kokteli ni mbaya. Tunasema kwamba namna tunavyoitengeneza na kuigawa inatuumiza mara tatu: katika mfuko, katika heshima, na katika akili.

Kwanza mfuko. Chupa ile inatoka ng'ambo ya bahari, na bei yake inabeba safari, forodha na faida ya kila mkono ulioigusa. Kamati ya arusi inachanga, likelemba inavunjwa, baba anakopa. Mwezi unaofuata mabibi-arusi na mabwana-arusi wanaanza ndoa na deni. Na tena si champagne! Champagne ni jina la jimbo moja la Ufaransa. Divai ya povu isiyotoka kule haina haki ya kuitwa hivyo. Nyingi za zile tunazofungua kwa vigelegele ni divai za povu za kawaida, na hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kukopa kwa ajili ya jina.

Pili heshima. Tuangalie vile inagawiwa. Chupa iko juu ya meza ya wakubwa: msimamizi, mupe, wakuu wa kazi. Bashangazi waliolala jikoni usiku mzima wanapewa maji ya mufuko. Watoto, wagonjwa wa sukari, na wale ambao kanisa lao linakataza pombe, wanabaki na mikono mitupu wakati wa kuinua bilauri. Kinywaji cha kuunganisha jamaa mbili kinakuwa kisu cha kuzigawanya.

Wengine watajibu: "Lakini ile ni maendeleo." Hapa lazima tukumbuke historia. Wakati wa Mbelgiji, sheria ilimkataza Mwafrika kununua divai na pombe kali, na marufuku yale yalidumu mpaka miaka ya 1950. Wale walioitwa "évolués" walilalamika sana juu ya jambo hilo, na walikuwa na haki, sababu lilikuwa tusi. Toka siku ile bilauri ya divai imekuwa kama cheti: ninakunywa, basi mimi pia ni muntu. Tunawaelewa babu zetu. Lakini uhuru ulikuja 1960. Mpaka leo bado tunaomba cheti kwa nani?

Tatu akili. Angalieni wenye kujua kazi hiyo. Katika Venice, Italia, Giuseppe Cipriani, aliyefungua Harry's Bar mwaka 1931, alitengeneza kokteli inayoitwa Bellini. Alifanya nini? Alichukua pichi nyeupe za kwao, akazisaga, akamimina divai ya povu ya kwao. Hakuagiza embe toka Katanga! Sisi, katika mwezi wa 12, embe zinaoza chini ya miti, masuku yanauzwa barabarani kwa kipimo, na tunafungua kopo la juisi lililovuka bahari. Njo kusema tumeiga bilauri, tumeacha fundisho.

Kinywaji cha kuchanganya na matunda tunacho karibu sana: munkoyo. Mama anapika uji mwepesi wa bunga ya mahindi. Anautoa motoni, anaungoja upoe kidogo, sababu moto mkali unaua nguvu ya muzizi. Kisha anatia mizizi ya munkoyo iliyooshwa na kupondwa. Uji mzito unageuka maji na kuwa mutamu: ile ni kemia kamili, vimeng'enya vya muzizi vinavunja wanga kuwa sukari. Anachuja, anaacha usiku mmoja. Munkoyo wa siku ya kwanza unafaa kwa mtoto na mzee. Ukikaa zaidi unachachuka na kupata pombe kidogo. Sasa muchukue embe iliyosagwa au maji ya nanasi, mutie kwanza katika bilauri, kisha mumimine munkoyo baridi polepole, na tone la limau. Nani atakataa?

Wanaotuambia "munkoyo ni uchafu, unaleta ugonjwa" hawasemi bure kabisa: Katanga inajua kipindupindu. Lakini dawa yake ni kuchemsha maji, kunawa mikono, kufunika ndoo na kumpa kila mgeni bilauri yake. Zambia, jirani zetu, wanauza maheu ya mahindi katika chupa za kiwanda. Sisi tunangoja nini?

Tena kuna jambo kubwa kuliko arusi. Muzizi wa munkoyo unatoka katika pori. Pori hilo la Lufira, pamoja na ziwa letu lililozaliwa na kizuizi cha Mwadingusha, lilitangazwa hifadhi ya viumbe mwaka 1982; hata hivyo kila siku mifuko ya makala inashuka mjini. Kama hakuna anayenunua munkoyo, mama anayejua muzizi hana sababu ya kumufundisha binti yake, na shamba la pori linabaki na bei ya makala tu.

Basi tunaomba kamati za arusi. Anayetaka chupa moja ya povu kwa picha, afungue, na akuwe na makuta yake mwenyewe, si ya deni. Lakini bilauri ya wote ikuwe munkoyo na matunda ya msimu, umenunuliwa kwa mama wa mtaa kwa bei ya haki. Mwenye kuutengeneza auonje kwanza mbele ya wageni, kisha wazee wa pande mbili wapewe, na kisha jikoni ipewe kabla ya meza ya wakubwa.