Kumbe Freddie Alikuwa Mtu wa Paka!

Jamani, si mnamjua Freddie Mercury wa kundi la Queen, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946? We Are the Champions ya 1977, ile inayopigwa hadi leo timu ikibeba kombe, ni utunzi wake. Basi bwana huyu alipenda paka kupita kiasi. Akiwa safarini anapiga simu nyumbani London, anaomba aletewe paka kwenye simu aongee naye! (Nawajua wanaume ambao hata mke hawampigii, ila tuyaache.) Albamu yake ya 1985, Mr. Bad Guy, aliitoa kwa heshima ya paka wake Jerry. Na Februari 1991, akiwa mgonjwa sana na mashabiki hawajaambiwa, ikatoka Innuendo, ndani yake mna wimbo mzima wa paka wake mwingine, Delilah. Novemba mwaka huohuo akafariki, ana miaka 45 tu.

Kwenye mashairi yupo T. S. Eliot. Mashairi yake ya paka ya 1939 ndiyo yaliyozaa mchezo wa jukwaani wa Cats, London, 1981. Mwenyewe hakuuona, alishafariki 1965.

Halafu huyo paka anayeimbwa hivyo hana uwezo wa kuonja utamu wa sukari. Keki ya bethdei msimpe, mpeni dagaa.