Kifipa si Adui wa Kiswahili

Ipo kasumba inayowapumbaza baadhi ya walimu na watumishi wa umma Sumbawanga: kwamba mtoto akilelewa kwa Kifipa na Kiswahili pamoja, akili yake itavurugika. Hivyo mzazi huambiwa akiache Kifipa, na mwanafunzi anayeteleza akasema lugha ya bibi yake huchekwa mbele ya wenzake.

Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Mwaka 2009 watafiti Ágnes Kovács na Jacques Mehler walichapisha uchunguzi wa watoto wa miezi 7 nchini Italia. Watoto walizoezwa kuitazamia picha upande mmoja. Kisha ikahamishiwa upande wa pili. Waliolelewa kwa lugha mbili walijifunza kuhamisha macho. Wa lugha moja waling'ang'ania upande wa zamani. Wataalamu wangali wanabishana juu ya faida hiyo, lakini ubishi huo haumpi mtu yeyote haki ya kuiita lugha ya pili ugonjwa.

Kiswahili ni lugha ya Taifa, na mwaka 1967 kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Hakihitaji kulindwa kwa kumnyamazisha bibi wa Kifipa. Mwalimu na amwongoze mtoto kutoka lugha aijuayo hadi asiyoijua. Anayemwaibisha hajengi Taifa, anajenga woga.