Soya Ni Chakula, Wala Si Dawa ya Sukari

Juu ya soya yasemwa maneno mawili, na yote mawili yaleta hasara nyumbani. La kwanza: ati soya huponya ugonjwa wa sukari, hivyo mgonjwa aweza kuacha dawa za hospitali. La pili: ati mtoto wa kiume asipewe uji wa soya, maana utampunguzia uanaume. Haya, na tuyapime.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi ndogo mno, ziitwazo seli. Chembe hizo hupelekewa habari na homoni, ambazo husafiri katika damu kama matarishi. Katika kila chembe mna vipokezi, na kipokezi ni mfano wa karani aliyeketi mezani. Tarishi akifika na barua yenye mhuri unaojulikana, karani huipokea, na kazi huanza: mafuta yawekwe akiba au yachomwe, sukari itumike au ingoje.

Sasa, mbegu ya soya ina vitu viitwavyo isoflavoni. Vilivyo mashuhuri ni genisteini na daidzeini. Umbo lake lafanana na lile la estrojeni, homoni ya kike ambayo hata wanaume wanayo kidogo. Basi isoflavoni hufika kwa karani zikiwa na mhuri unaokaribia kufanana. Karani huzipokea, lakini amri atoayo ni dhaifu. Tena vipokezi vya estrojeni ni vya namna mbili. Namna ya pili ilitambuliwa huko Sweden mwaka 1996, na hiyo ndiyo isoflavoni hushikamana nayo zaidi. Kwa hiyo msiseme kwamba soya na homoni ya kike ni kitu kimoja.

Hofu yenyewe haikuzuka bure. Katika miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo waliolishwa klova, majani ya jamii ya kunde, walishindwa kuzaa. Wataalamu waliandika habari hiyo mwaka 1946, na baadaye ilionekana kwamba isoflavoni za majani ndizo zilizoleta shida. Lakini angalieni: kondoo wale walikula majani hayo kutwa, siku nenda siku rudi. Mtoto anywaye kikombe cha uji hafanani nao. Juu ya wanaume, majaribio mengi yalikusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2010, na tena mwaka 2021. Ilionekana kwamba soya haikuwapunguzia homoni yao ya kiume.

Je, habari ya sukari? Hapa uvumi umeshika kipande cha kweli na kuacha kingine. Kuna vipokezi vingine, viitwavyo PPAR, ambavyo huongoza jinsi mwili unavyotunza mafuta na kuitii insulini. Dawa moja ya sukari, pioglitazoni, hufanya kazi kwa kuamsha kipokezi cha jamii hiyo. Na katika maabara genisteini nayo imeonekana kuviamsha. Ndipo watu wakasema, “Basi soya ni dawa!” La, hasha. Kipimo kilichotiwa katika vyombo vya maabara mara nyingi kilizidi sana kile kinachopatikana katika damu ya mtu aliyekula soya. Zaidi ya hayo, matumbo ya watu hayako sawa: vijidudu vya tumboni mwa wengine hugeuza daidzeini kuwa ekuoli, kitu chenye nguvu zaidi, na kwa wengine havifanyi hivyo.

Mgonjwa wa sukari aachaye dawa hujitafutia upofu, ubovu wa figo na vidonda vya miguu visivyopona. Na mtoto aishiye kwa sindano za insulini, akiziacha, aweza kufa kwa siku chache tu. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Soya basi ina faida gani? Kubwa! Zaidi ya theluthi ya uzito wa mbegu zake kavu ni protini, ijengayo mwili wa mtoto. Ila msiile mbichi, wala msisage mbichi mkapika uji juu juu, kwa maana mna vitu vizuiavyo tumbo kusaga protini hiyo. Ichemsheni au ikaangeni vizuri kwanza, kisha sageni pamoja na mahindi au ulezi. Na anayemeza vidonge vya tezi ya shingo asivimeze pamoja na soya, kwa kuwa huzuia dawa isiingie vema mwilini. Amwulize daktari aachanishe saa ngapi.

Akina mama, wapeni uji wa soya wana na mabinti bila hofu. Akina baba, pandeni mistari michache karibu na mahindi. Na mwenye sukari ale soya kama chakula kingine, na vidonge vyake avimeze kama alivyoagizwa.