Onyesha Ramani Kabla ya Kuchimba Msingi



Ukipita katika mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, wakati wa kiangazi, waona malundo ya matofali ya udongo wa kichuguu kando ya njia, na mafundi wakipima viwanja kwa uzi. Jamaa waliokaa miaka mingi katika nyumba za kupanga sasa wameanza kujenga za kwao. Ni furaha kubwa, tena si furaha ya bure: kila tofali limekatwa katika mshahara, na pengine hata katika chakula. Lakini umuulize mwenye kujenga, “Ramani ya nyumba hii umemwonyesha nani?” Mara nyingi atajibu, “Naifahamu mimi, na fundi anaifahamu, yatosha.” Juma hili nataka tulitazame jibu hilo, maana nami nililitoa siku moja, na nusura linigharimu kitu kisichonunuliwa kwa fedha.

Tulipopata kiwanja chetu, au lupango kama tusemavyo huku, niliichora ramani mwenyewe usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Sentimita moja ya karatasi ilikuwa mita moja ya ardhi. Sebule kubwa mbele, vyumba vinne vya kulala, jiko pembeni, kisima nyuma. Nilipomaliza nilimwita mke wangu, nikamwuliza, “Je, si nzuri?” Akaitazama kitambo, akasema, “Ni nzuri, Baba.” Nikaona shauri limekwisha. Sikufahamu ya kuwa mtu akiulizwa hivyo, amekwisha kuambiwa la kujibu.

Aliyenizuia ni fundi mwashi, mzee asiyejua mengi ya vitabu lakini azijuaye mvua. Aliigeuza karatasi mara mbili, akasema: “Mwalimu, nyumba hii ina pembe kumi na mbili, na nne kati yake zaingia ndani. Kila pembe iingiayo ndani huleta bonde katika paa, na kila bonde ni njia ya maji. Toka Novemba hadi Machi utalala ukihamisha kitanda.” Kisha akauliza, “Na watakaokaa humu wamesemaje?” Nikamjibu kwamba wamekubali. Akacheka kidogo, akaniagiza nilete majivu.

Jumamosi ile tulichora nyumba nzima juu ya ardhi. Fundi alipiga vigingi, akavuta uzi, akaipata pembe iliyo sawa kwa kanuni ya waashi: mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, na kutoka ncha hata ncha mita tano kamili. Tukamwaga majivu penye kuta, tukaacha wazi penye milango. Ndipo fundi akasema, “Sasa ingieni, mkae kama mtakavyokaa.”

Mke wangu akaingia jikoni na beseni la sombe. Hakuniambia tena kuwa ni nzuri. Alisema, “Umeme ukikatika napika kwa mbabula. Nitaiweka wapi? Hapa ni upande wa kusini-mashariki. Upepo wa kiangazi hutoka huko, nao utausukuma moshi wote hata vitandani.” Alisema kweli. Mimi hufundisha darasani habari za pepo za kusini-mashariki, lakini sikuziona zikivuma juu ya karatasi yangu. Akaonyesha pia kwamba chumba chetu chatazama magharibi, hata mwezi wa Oktoba, ambao ndio mwezi wa joto kuliko yote hapa kwetu, jua la jioni litakichoma mpaka saa ya kulala. Hapa tuko kusini ya Ikweta. Toka mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Baraza ikiwekwa kaskazini, wazee hupata joto katika baridi ya Juni na Julai, na kuta ndefu hazipigwi na jua la jioni.

Mtoto wetu wa kiume akauliza, “Tutasomea wapi?” Kweli, sikuweka hata meza moja. Nyumba ya mwalimu haikuwa na mahali pa kusomea.

Mwisho akaingia mama yangu. Ni mjane, na nyumba hii nilikusudia akae nasi, aache kuishi peke yake kijijini. Alitembea polepole katikati ya mistari ya majivu, akaingia chumba nilichomwandalia, akasimama. Akatazama mlango, akatazama sebule, kisha upande wa pili penye choo. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwanangu, usiku nikiamka, nitapita mbele ya wageni wako?” Sikuwa na jibu. Jioni mke wangu akaniambia lililokuwa limefichika: mama alikuwa ameiona ile karatasi tangu majuma matatu, akamwambia kwamba atabaki kijijini kwa mdogo wake, “kwa maana nyumba ya Mwalimu ni nyumba ya wageni.” Mimi nilikuwa najenga ili aje, naye alikuwa amekwisha kuamua kutokuja, wala hakuna aliyethubutu kuniambia.

Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Mwenye kuchora ramani huona alichokusudia, haoni alichokichora. Mimi niwatiaye watoto wa watu wino mwekundu kila siku nilikuwa nimesahau kuomba wino wa wenzangu.

Jambo hili si la nyumba yangu tu. Mji wetu nao una fundisho lake. Mwaka 1952, zamani mji huu ulipoitwa Élisabethville, serikali ya Wabelgiji iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, na Ruashi ni kazi yake mojawapo. Ramani zilichorwa ofisini na wahandisi, na nyumba za mfano mmoja zikapangwa safu kwa safu. Mwenye kuingia alipokea nyumba iliyokwisha kukatwa vyumba. Zilikuwa nyumba imara, tusiwanyime wajenzi haki yao. Walakini, ukipita Ruashi leo waona jinsi wenyeji walivyozijibu ramani zile kwa matofali: hapa wameongeza chumba, pale wamejenga jiko nyuma. Katika Katuba na Kenya, mitaa ya mji huu huu, palifuatwa njia nyingine, iliyoitwa kwa jina la mtawala Ferdinand Grévisse: mwenyeji alikopeshwa vifaa, naye akasimamia ujenzi wa nyumba yake. Kila njia ilikuwa na taabu zake. Lakini mtu asipoulizwa penye karatasi, atajibu penye ukuta, na jibu la ukuta lina gharama.

Basi, ramani aonyeshwe nani? Nawataja wanne.

Wa kwanza ni watakaokaa na kufanya kazi humo: mke, watoto, wazee. Wa pili ni fundi, maana yeye huona paa, mabomba na uzito ambao sisi hatuuoni. Ndiye aliyenieleza kwamba jiko na bafu vikigusana mgongo kwa mgongo, bomba moja la maji latumika pande mbili.

Wa tatu ni jirani. Huyu wengi humsahau. Kanuni ifuatwayo na mashirika ya misaada duniani ni kwamba choo cha shimo kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau. Kiwanja changu kina mita 15 kwa mita 20. Wanafunzi watahesabu upesi: kutoka pembe hata pembe ni mita 25 tu. Yaani hata nikiweka choo katika pembe moja na kisima katika pembe ya mbali kabisa, haitoshi. Tena choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Katika nchi ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara, hilo si jambo la kuchezea. Tulikaa na jirani, tukafuta kisima katika ramani, tukaweka mahali pa bomba na pa pipa la maji ya mvua kwa kufulia.

Wa nne ni mjuzi wa sheria na vipimo. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya nchi yetu ni mali ya Taifa, nasi hupewa haki ya kuitumia. Na kujenga mjini kwahitaji ruhusa. Ni afadhali ofisa akuonyeshe kosa kwa penseli kuliko akusimamishe ukuta ukiwa umefika madirishani.

Tena kuna adabu ya kuuliza. Usiulize, “Ni nzuri?” Uliza hivi: “Mvua inanyesha, nawe umebeba makaa, unaingia kwa mlango upi?” “Mtoto ana homa usiku. Unapita wapi kumfikia?” “Mgeni amekaa sebuleni. Anaona nini mlango ukifunguliwa?” Katika nyumba za kale za Waswahili wa pwani, kama kule Lamu, mgeni hukaribishwa penye daka karibu na mlango, na vyumba vya jamaa viko ndani zaidi. Waliozijenga walikuwa wameliwaza swali hilo.

Kuna na adabu ya kusikia. Mtu akikuonyesha kosa, usimjibu mara moja, wala usijitetee, andika. Kisha kaa chini ukayatenge. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ukifuata kila shauri utajenga soko, si nyumba. Yanayohusu maji, moshi, paa, njia ya kupita na heshima ya mtu, yatazame kwanza. Yanayohusu rangi ya mlango na umbo la nguzo, huo ni upendeleo. Hapo mwenye nyumba na mkewe waamue.

Na zaidi ya yote, usidhani kimya ni kibali. Mke ananyamaza kwa kuwa ameona macho yako yaking'aa. Mzee ananyamaza kwa kuwa hataki kuwa mzigo. Fundi mwingine ananyamaza kwa kuwa anataka kazi. Ninyi wanafunzi mnaojua kupima kwa rula, wasaidieni wazazi wenu kuchora kwa kipimo, mkawasomee mistari wasiosoma, ili kila mtu aone chumba chake kabla hakijakuwa ukuta.

Ramani yetu ilichorwa upya mara tatu. Sasa nyumba ina pembe nne tu, na vyumba vitatu badala ya vinne, maana kimoja tulikigawa: nusu ikawa njia ya ndani iendayo chooni, nusu ikawa mahali pa meza ya watoto. Sebule ni ndogo kuliko niliyoiota. Chumba cha mama kiko upande wa kaskazini, karibu na baraza. Kuta zake zilipofika kifuani, alikuja kutoka kijijini kuzitazama. Hakusema kama ni nzuri. Aliuliza tu kitanda chake kitaelekea wapi, nasi tukampa majivu akaonyesha mwenyewe.

Basi, wewe unayekusudia kuchimba msingi kiangazi hiki, usiwaite mafundi kwanza. Waite watu wa nyumbani mwako, tandaza ramani mezani, uwape penseli. Kisha kalete majivu.