Mlowezi, Setla, Skwota: Visawe na Haki Olenguruone

Wanafunzi wa semantiki hufundishwa kwamba visawe kamili ni adimu. Anayetilia shaka kauli hiyo na aizingatie Olenguruone, katika Kaunti ya Nakuru, pamoja na neno moja la Kiingereza: “settler”.

Kiswahili hulitafsiri neno hilo kwa njia kadhaa. Mlowezi, kutokana na kitenzi lowea, ni mtu aliyehamia mahali pageni akakaa hadi akapazoea. Hata hivyo, vitabu vya historia vimelifungia neno hilo kwa Mzungu aliyetwaa ardhi. Setla nalo limefuata mkondo uo huo. Mwafrika aliyelima katika shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi aliitwa skwota. Wote walihama, wote walilima. Haki ndiyo iliyotofautiana.

Mwaka wa 1941, serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu, wengi wao wakitoka Umaasaini, makao Olenguruone. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji waliopaswa kutii kanuni zake za kilimo na urithi. Wao walijihesabu kuwa wamiliki, waliofidiwa ardhi iliyoporwa Kiambu. Mgogoro huo ulikuwa wa ardhi, lakini ulikuwa pia wa maana. Walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengi wakipelekwa Yatta.

Uhuru haukuufuta utata huo. Katika machafuko ya 1992, Olenguruone ikiwemo, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya wakazi wa Bonde la Ufa waliitwa wageni, wakaitwa madoadoa, wakafukuzwa. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha madoadoa miongoni mwa maneno ya chuki.

Wapo wanaodai kwamba neno halimuui mtu. Ni kweli, panga ndilo hukata. Lakini neno hutangulia kulionyesha panga pa kukata. Kwa hivyo, mtafsiri anayechagua baina ya mlowezi, mkaazi na mgeni hachagui visawe tu, bali anaamua nani ana haki ya kubaki. Wanakamusi na wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kueleza, kando ya fasili, nani hulitumia neno na dhidi ya nani.

Methali humpa mgeni jembe siku ya tatu. Haisemi ni siku ya ngapi anapokuwa mwenyeji.