Miwani si Aibu kwa Askari Aliyevuka Miaka 40

Askari hupewa bunduki, buti, kofia na mkanda. Kila kimoja kati ya vitu hivyo huandikwa katika daftari, hukaguliwa kwa siku yake, na kikichakaa hubadilishwa. Kipo chombo kimoja tu ambacho askari huja nacho mwenyewe kutoka kwao, kinachofanya kazi usiku na mchana kuliko bunduki, na ambacho mara nyingi husahaulika baada ya siku ile ya kuandikishwa. Chombo hicho ni jicho.

Tulilikumbuka jambo hili hivi karibuni tulipokuwa kwenye lango la ghala moja katika Zone Industrielle, yaani ule mtaa wa viwanda, maghala na gereji wa jiji letu la Bujumbura. Malori yalikuwa yamepanga mstari, mengine yakiwa yamesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Zamu ilikuwa ya sajini mmoja mwenye umri wa miaka 47, askari mwenye sifa njema na utumishi mrefu. Kazi yake ilikuwa kusoma namba ya lakiri katika karatasi za shehena, kuilinganisha na ile iliyofungwa kwenye kontena, kisha kuinua macho na kuruhusu lori lipite. Asubuhi hiyo aliandika nane mahali palipokuwa na tatu. Lori lisilo na kosa likawekwa kando, foleni ikaziba barabara, na saa tatu zikapotea. Mkuu wa zamu alikuwa tayari ameshika kalamu kuandika ripoti ya uzembe.

Dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimtazama sajini akiinyoosha karatasi mbali na uso wake kama mtu anayefukuza moshi, alitoa miwani yake ya kusomea mfukoni. "Mzee, samahani," alisema kwa adabu, "jaribu hii." Sajini aliivaa, akaitazama karatasi, akanyamaza. Ile nane ilikuwa tatu. Ripoti ya uzembe haikuandikwa.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Akiwa bado na miwani ile usoni, sajini aliinua kichwa kulitazama lori lililofuata, naye akakuta ukungu mtupu. Hakuweza kuona mikono ya dereva, wala namba za gari, wala mtu aliyekuwa akikatiza nyuma ya foleni. Ikambidi aivue. Alipotaka kusoma, akaivaa tena. Mlinzi wa lango ambaye kila nusu dakika anavaa na kuvua miwani ni mlinzi ambaye mkono wake mmoja hauko kazini, na ambaye kwa muda mfupi, mara mia kwa siku, haoni kitu.

Yaliyompata sajini yule si ugonjwa, wala si uzembe. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, iko lenzi ndogo ya asili iliyo laini. Tukitazama mbali hulala bapa. Tukitazama karibu, musuli unaoizunguka huiacha itune, nayo huleta maandishi katika usahihi wake. Mtoto wa miaka 10 aweza kusoma karatasi iliyo karibu sana na pua yake kwa sababu lenzi hiyo ni laini mno. Kadiri miaka inavyopita hukakamaa, na ifikapo miaka 40 na ushei haiwezi tena kutuna vya kutosha. Wataalamu huiita hali hii presibiopia. Humpata jenerali na kuruta mstaafu, tajiri na maskini, mwenye kusoma na asiyesoma. Kwa hesabu za mwaka 2015, watu wapatao bilioni 1.8 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya milioni 800 kati yao hawakuwa na miwani ya kuwafaa.

Sisi tunaoandika haya hatujafika umri huo, nasi tunakiri kwamba katika chuo cha makadeti tulifundishwa kukadiria umbali kwa jicho na kidole gumba bila ya kuambiwa kwamba jicho hilo hilo litakuja kudai msaada. Tuliliona jicho kama mali isiyochakaa. Laiti tungalimwona sajini yule wakati ule, tungalisoma somo kubwa zaidi.

Haja ya kuona mbali na karibu kwa miwani moja si ya leo. Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani, alieleza katika barua ya mwaka 1785 kwamba alikuwa amechoka kubeba miwani miwili, akaamuru vioo vikatwe nusu kwa nusu na kuunganishwa katika fremu moja: nusu ya juu ya kuona mbali, nusu ya chini ya kuona karibu. Alikuwa akiishi Ufaransa, na alisema miwani hiyo ilimfaa mezani, kwani aliweza kuona chakula chake na pia nyuso za wasemaji, jambo lililomsaidia kukielewa Kifaransa. Miwani hiyo ya vipande viwili ingalipo hadi leo na ni chombo kizuri. Kasoro yake ni mstari unaokata kioo katikati. Jicho likivuka mstari huo, picha huruka ghafla. Na kile kilicho kati, si mbali wala si karibu, kwa mfano dashibodi ya gari, hubaki bila mwenyewe.

Mwaka 1907 Mwingereza Owen Aves aliandikisha hakimiliki ya lenzi isiyo na mstari, lakini haikuingia sokoni. Aliyefaulu ni mhandisi Mfaransa Bernard Maitenaz, ambaye lenzi yake, Varilux, ilianza kuuzwa mwaka 1959. Hii ndiyo lenzi progresivu, maana yake lenzi ambayo nguvu yake huongezeka hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu huona mbali: lango, barabara, mlima. Sehemu ya chini huona karibu: karatasi, simu, kitambulisho. Kati ya hizo mbili upo mfano wa ujia mwembamba unaoona umbali wa mkono: usukani, redio ya upepo, ramani iliyotandazwa mezani. Hakuna mstari, kwa sababu mviringo wa kioo hubadilika taratibu kama mteremko wa barabara uliochongwa vizuri, si kama ngazi.

Hata hivyo, hatupendi kuwauzia ndugu zetu askari sifa tupu. Lenzi hii ina deni lake, na deni hilo halikwepeki. Mwaka 1963 mwanahisabati Mjerumani Minkwitz alithibitisha kwamba nguvu ikiongezeka kando ya ujia ule, ukungu lazima utokee pembeni, na kwamba ukungu huo hukua kwa kasi maradufu ya kasi ya kuongezeka kwa nguvu yenyewe. Mafundi wa siku hizi, kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, waweza kuutawanya ukungu huo au kuuhamisha mahali usipoudhi sana, lakini hawawezi kuufuta. Yeyote amwambiaye askari kwamba miwani hii huona kila mahali sawasawa anamdanganya.

Kutokana na hali hiyo, mvaaji hana budi kujifunza upya namna ya kutazama. Badala ya kupepesa macho pembeni, hugeuza kichwa na kuelekeza pua pale anapotaka kuona. Dereva hugeuza kichwa kukitafuta kioo cha pembeni. Anayeshuka ngazi huinamisha kidevu ili aione ngazi kwa sehemu ya juu ya lenzi. Akiitazama kwa sehemu ya chini, ngazi huonekana kama inaelea, naye aweza kuanguka. Wengi huzoea baada ya siku chache, na wengine wiki mbili hivi. Ni makosa makubwa kuivaa kwa mara ya kwanza katika zamu ya usiku au katika doria. Ianzie nyumbani, kisha ofisini, ndipo iende kazini.

Tena lenzi hii haikubali ubabaishaji. Miwani ya kawaida ya kusomea yaweza kununuliwa tayari, na humfaa karani anayeketi mezani siku nzima. Lenzi progresivu sharti ipimwe usoni mwa mwenyewe: umbali wa kila mboni kutoka katikati ya pua, na kimo cha mboni ndani ya fremu ile ile atakayoivaa. Fremu nyembamba mno hukata sehemu ya kusomea. Kipimo kikikosea milimita chache, ujia hukwepa jicho, na mvaaji hupata kizunguzungu akadhani miwani ni mbovu, kumbe kipimo ndicho kibovu. Bei yake nayo ni kubwa kuliko ya miwani nyingine, kwa hiyo hasara ya kupima vibaya ni kubwa pia.

Jambo la shabaha linastahili kuelezwa peke yake. Mpigaji wa bunduki yenye guba la chuma huhitaji kuiona ncha ya mbele kwa usahihi, nayo iko umbali wa kama mkono au zaidi kidogo. Akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, kichwa huinama, naye hutazama kupitia sehemu ya juu ya lenzi, ambayo ni ya mbali. Lengo litaonekana safi, guba litakuwa na ukungu. Akiinua kidevu kuutafuta ujia, anaharibu mkao aliofundishwa. Basi mkufunzi akimwona koplo wa miaka 45 ambaye shabaha yake imeporomoka, asikimbilie kumpa adhabu. Na koplo huyo asidhani kwamba lenzi progresivu itamtibu uwanjani. Kwa shabaha apimiwe miwani yake maalumu, inayolingana na umbali wa guba.

Baada ya kupima faida na deni, msimamo wetu ni huu. Kwa mlinzi wa lango, polisi wa barabarani, dereva na mkuu wa kikosi aliye kazini, watu ambao kazi yao ni kutazama karibu na mbali kwa kupokezana bila kupumzika, lenzi progresivu si anasa. Ni chombo cha kazi, na palipo na uwezo ihesabiwe miongoni mwa vyombo vya kazi. Mahali uwezo ulipo mdogo, miwani ya vipande viwili ya Franklin itashika zamu kwa heshima. Lililo baya kuliko yote ni kukosa vyote viwili na kujifanya tunaona.

Nasi twaomba mambo matatu. Kwanza, kila askari na polisi afikapo miaka 40 apimwe macho ya karibu, kisha arudiwe kila baada ya miaka miwili. Kipimo chenyewe ni karatasi yenye herufi ndogo, inayoshikwa umbali wa sentimita 40. Chahitaji dakika chache tu. Faida ya ziada ni kwamba macho yakichunguzwa na mtaalamu, huweza kugunduliwa mapema glakoma, ambayo kwa kawaida huiba nuru bila maumivu. Pili, kosa la kusoma au kuandika linapotokea kwa mtu wa umri huo, macho yapimwe kabla ya kalamu ya adhabu kuandika. Tatu, maofisa wenye miwani waivae hadharani, gwaridani na ofisini, badala ya kuificha mfukoni na kuwaambia walio chini yao wawasomee.

Wako watakaosema kwamba fedha ni chache na mahitaji ni mengi. Tunaliheshimu neno hilo. Lakini hasara ya kutoona nayo ina bei. Katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, wachumaji wenye miaka 40 na zaidi waligawiwa miwani ya karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa uchumaji wao uliwazidi wenzao wasiogawiwa kwa takribani asilimia 22. Kama miwani humwongezea mchumaji kilo za chai, itamwongezea nini mtu anayesoma hati za magari na kubeba bunduki? Saa tatu za foleni ile ya Zone Industrielle zililipwa na wenye mizigo, na madereva, na wanunuzi sokoni. Heshima ya sajini ilikaribia kulipwa pia.

Tunajua kinachowazuia wengi si fedha peke yake. Ni aibu. Askari huogopa kwamba miwani itamtangaza kuwa mzee, na uzee utamtoa kazini. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa hata maradhi hayapo, ila umri, ambao hakuna gwanda linaloweza kuuficha. Anayeinyoosha karatasi mbali na uso mbele ya foleni ya malori amekwisha kujitangaza.

Sajini yule alipimwa na kupata miwani yake. Tulipopita tena langoni tulimkuta kidevu kimeinama kidogo juu ya karatasi, kisha kichwa kikainuka kulitazama lori, pasipo mkono kwenda usoni. "Afande," alitwambia, "miaka miwili nilikuwa nasoma kwa kubahatisha." Maneno hayo yametukaa. Mlinzi asibahatishe, na sisi tulio juu yake tusimwache abahatishe.